Darasa Lenye Upepo

Kijijini kule walianza kusema darasa langu lina upepo, na hawakumaanisha huu unaopeperusha kofia za watu stendi ya Singida. Walimaanisha ule mwingine, usioonekana, unaomwingia mtu ukamlegeza viungo na kumfunga akili mpaka atafutiwe dawa. Ushahidi wao ulikuwa wazi. Watoto wa madarasa mengine walisinzia kama watoto wa popote duniani. Wangu waliingia asubuhi wakiwa wachangamfu, na ikifika saa tano nusu yao wamelala juu ya madawati, mate yanawatoka.

Siku hizi nafundisha mjini. Nina chumba chenye madirisha ya vioo yanayofunguka na kufungwa, na sakafu inayopigwa deki kila jioni. Namshukuru Mungu. Lakini mwezi wa saba ukifika, upepo ukaanza kugonga bati, moyo wangu unarudi upande ule wa Mtinko, kwenye chumba kibovu cha mwisho karibu na mawe makubwa, kwa watoto sabini na wanne waliokuwa wakiniamkia kwa sauti moja mpaka popo wanahama darini. Nawakumbuka kuliko ninavyopenda kukiri. Na kila nikiwakumbuka naanza kwa kucheka, halafu naona aibu, maana upepo ule waliousema niliuleta mimi kwa mikono yangu.

Nilifika pale nikiwa mbichi, Mnyiramba wa Kinampanda mwenye cheti kipya cha ualimu na mdomo usio na breki. Enzi hizo nilikuwa moto wa kuotea mbali. Mwalimu mkuu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, alinikabidhi darasa la tatu mwezi wa kwanza. Mvua zilikuwa zinanyesha, mtama umesimama mashambani, na mambo yalikwenda vizuri tu. Watoto walisoma, waliimba, walinifundisha kusalimia kwa Kinyaturu na kunicheka nilipokosea. Wazee walinitania kwamba Wanyiramba tuna ulimi mzito. Nilipapenda.

Kisha kiangazi kikaja na upepo wake. Asiyeujua upepo wa kwetu asubiri mwezi wa tano. Chumba kilikuwa na matundu sita ya madirisha, matatu kila upande, bila vioo wala mbao. Sakafu ya saruji ilikuwa imeliwa na miguu ya vizazi vya watoto ikabaki udongo mtupu. Upepo ukiingia upande wa mawe ulikuta vumbi linausubiri. Madaftari yalifunguka yenyewe, chaki ilifutika kabla sijamaliza sentensi, na mimi nilikuwa narudi nyumbani na nywele za rangi ya kichuguu. Nilivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nikawaambia watoto kila mmoja alete kiroba kitupu kutoka nyumbani.

Walileta. Vya unga, vya mashudu ya alizeti, vya mbolea, vingine bado vinanuka. Nikaazima sindano ya kushonea magunia, nikashona siku mbili, nikavipigilia misumari kwenye matundu yote sita bila kuacha hata kidogo. Nilipomaliza, chumba kilitulia. Mwanga ulipita kwenye viroba ukawa wa rangi ya uji. Mwalimu mkuu akachungulia, akanipongeza, akasema vijana mnakuja na akili. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa uone nilichokuwa nimetengeneza. Chumba cha watoto sabini na wanne, chenye mlango mmoja tu, na mlango wenyewe unatazama jiko la uji. Mama mpishi alikuwa akiwasha moto saa tatu, kuni mbichi, na moshi uliokuwa ukiingia mlangoni kwangu na kutokea madirishani sasa ulikosa pa kutokea. Asubuhi wenye zamu walifagia udongo ule mkavu, na vumbi lililopanda lilibaki linaning'inia. Kipindi cha kwanza lilikuwa juu ya vichwa vyetu, kipindi cha pili lilikuwa vifuani mwetu. Mtoto akikohoa huku, mwingine anamjibu kule. Wakaanza kulalamika vichwa. Nikasema ni visingizio.

Halafu wakaanza kulala.

Mimi nilikuwa na dawa ya usingizi. Anayesinzia alitoka nje, akapiga magoti chini ya dirisha mpaka nimwite. Kila siku nilikuwa na safu ya wanane, tisa, wamepiga magoti kwenye kokoto, wanapigwa na upepo. Na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelitambua siku ya kwanza. Nauliza darasani, "Saba mara nane?" Kimya. Macho mazito yananitazama kama ya ng'ombe aliyeshiba. Narudia, "Saba mara nane?" Sauti inatoka nje, nyuma ya kiroba: "Hamsini na sita, madam!"

Nilidhani ni ujeuri. Nikawaongezea muda.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Vilaza wangu wote, mara tu wakipelekwa nje, wakawa maprofesa. Wale wema niliowabakiza ndani, wakawa magogo. Mwisho watoto waligundua kabla yangu. Wakaanza kusinzia kwa makusudi. Mmoja alifika mahali pa kukoroma huku jicho moja liko wazi ananiangalia kama nimemwona. Nilimtoa nje, akatoka mbio, na nilivyokuwa nimefura kwa hasira sikujiuliza mtoto gani anakimbilia adhabu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kijiji kilisikia. Wazazi wakakaa kikao, wakakubaliana kwamba kile ni upepo, na kwa kuwa kijiji kina Wakristo na Waislamu, wakaitwa mchungaji na shehe siku moja ili pasiwe na lawama. Waliingia pamoja, darasa limejaa, mlango umerudishwa kwa heshima ya maombi. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa kuomba nusu saa bila kumeza mate. Siku ile aliomba dakika tano. Shehe naye alisoma dua fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akisoma, na wote wawili wakatoka wanafuta jasho kwa leso, wakaenda kusimama kwenye jiwe kubwa la karibu, wanahema. Hata hapo sikuona.

Katika darasa lile kulikuwa na msichana wa dawati la tatu, mdogo wa mwili, mwenye macho ya kusikiliza. Yeye hakulala kamwe, alikuwa akiniogopa mno. Ila alikuwa na mambo mawili yaliyoniudhi. La kwanza, kila baada ya muda alinyoosha kidole: "Madam, naomba kwenda chooni." Mara nne kabla ya uji. Siku moja nikamuuliza mbele ya wenzake, kibofu chako kina tundu? Darasa likacheka, na yeye akaketi, na tangu siku hiyo hakuomba tena. La pili, alikuwa hasemi. Nikimsimamisha asome alinong'ona maneno matatu, akakata, akavuta pumzi kwa shida, maneno matatu tena, akakohoa. Nilimwambia, "Kaa chini, tutafika kesho." Kwenye ripoti yake ya mwezi wa sita niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mzembe. Anapenda kutokatoka. Hashiriki darasani. Hilo neno la kwanza hadi leo linanichoma.

Tulipofungua shule mwezi wa saba alikuja siku mbili, akakosekana wiki nzima. Jumatatu iliyofuata nikamwona anakuja na bibi yake, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutangulia mbele ya ng'ombe. Bibi alikuwa ameshika kitabu cha kusoma, amekifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kurudisha kitabu cha serikali, kisije kikapotelea kwangu. Mtoto namtoa."

Nilimuuliza anamtoa vipi mtoto darasa la tatu. Akanijibu taratibu, bila ugomvi, na ndiyo maana maneno yake nayakumbuka yote.

"Kule zahanati wamesema ni pumu, wakatupa dawa, wakasema tumwepushe na moshi na vumbi. Nyumbani nimehamisha jiko. Wiki yote iliyopita amelala vizuri, anaimba, anakimbiza mbuzi. Akija kwako siku mbili, kifua kinapiga filimbi, usiku namkalisha ukutani mpaka kunakucha. Mwalimu, mama yake nilimzika. Nimebakiwa na huyu tu. Shule ni nzuri, lakini mimi siwezi kuzika mwingine kwa sababu ya shule."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia kitabu, si sisi. Alikiangalia namna mtu anavyomwangalia ndugu anayepanda basi.

Mimi badala ya kuona huruma nikaona nimeshambuliwa. Nikamwambia kama ni habari za upepo wanazozungumza kijijini, hizo ni porojo, darasa langu ni safi na limetulia, na kama haamini aingie mwenyewe akae aone. Nilitegemea akatae.

"Haya," akasema, akaingia.

Alikaa dawati la tatu na mjukuu wake, amenyooka kama anapigwa picha. Nikafundisha hisabati kwa mbwembwe zote. Bibi yule alikuwa ameamka kabla ya jogoo, amekamua, ametembea kilima na bonde, na kijiji kizima kilimjua kuwa ni mtu asiyesinzia hata msibani. Saa tatu mama mpishi akawasha kuni zake. Moshi ukaingia. Nilipogeuka kutoka ubaoni, kitambaa cha kichwa cha bibi kilikuwa kimeinama. Nilipogeuka mara ya pili, paji la uso lilikuwa juu ya dawati, na mara ya tatu alikuwa anakoroma.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Nami kwa mazoea nikanyoosha kidole kuelekea mlangoni na kufungua mdomo niseme, toka nje ukapige magoti. Nani amewahi kumpigisha magoti bibi wa watu? Nikabaki na kidole hewani. Alikuwa mtu wa kwanza kusinzia darasani kwangu ambaye sikuweza kumlaumu, na kwa kuwa sikuwa na wa kumlaumu, ndipo nikaangalia chumba. Nikaona vumbi limesimama kwenye ule mwanga wa uji. Nikaona midomo imekauka, macho mekundu. Nikasikia kichwa changu mwenyewe kinagonga, na nikakumbuka kwamba kilikuwa kinagonga kila siku tangu mwezi wa tano, nami nikinywa vidonge na kuwasingizia watoto.

Bibi aliamka, akafuta mdomo kwa kitenge, akatoka bila kuaga. Alisimama nje dakika chache akivuta hewa kwa pua. Akarudi mlangoni.

"Mwalimu, humu hamna upepo."

Nikajibu haraka, mjinga mimi, "Si nilikuambia, bibi?"

"Hujanielewa. Nasema hamna upepo. Hata banda la kuku tunaacha tundu."

Wapo watu waliosoma miaka mingi wakanieleza baadaye mambo ya hewa iliyokwisha kupumuliwa, na jinsi inavyolegeza akili ya mtoto kabla hata hajajua amechoka. Sawa, ni elimu nzuri. Lakini mimi niliyajua yote siku ile kwa sentensi ya banda la kuku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa wale watoto.

Nilimwomba aniachie mtoto. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu.

"Nakupa mpaka Ijumaa. Nitakuja. Nikimkuta anahema kama watu, atabaki. Nikisikia filimbi, naondoka naye, na usije nyumbani kunibembeleza."

Nilivibandua viroba saa ileile, kwa mikono, msumari mmoja ukanichana kidole. Watoto walinisaidia wakidhani ni mchezo. Nisikudanganye, upepo uliingia na vumbi lake kama tulivyoachana, na nusu saa ya kwanza nilitamani kulia. Mwenye kuziba ufa kwa pupa hujenga ukuta mara mbili. Lakini wiki ile, ambayo nilikuwa nimebanwa na Ijumaa ya bibi, ndiyo wiki niliyowafahamu watoto wangu.

Tulianza kufagia jioni badala ya asubuhi, ili usiku ulale na vumbi lake. Kila mtoto alikuja na kidumu kidogo cha maji, nusu lita, robo, kila mtu na uwezo wa kisima chao, tukanyunyizia kabla fagio halijagusa chini. Viroba vilevile tukavifua, tukavishona pamoja, tukavitandika chini, na mtoto aliyekanyaga na miguu michafu alizomewa na wenzake kabla yangu. Upande wa mawe tukapanga matofali nusu ya dirisha, juu tukaacha wazi. Upande wa pili tukaacha yote. Kuhusu jiko, mama mpishi aliniambia mafiga yake hayahamishwi na mtu aliyekuja juzi. Nikamwomba mwalimu mkuu aje akae darasani kwangu mlango ukiwa wazi wakati moto unawaka. Alikaa robo saa. Mchana mafiga yalikuwa upande mwingine wa shule.

Na upepo ulipozidi kabisa, tulitoka. Nyuma ya lile jiwe kubwa kulikuwa na utulivu kama wa sebuleni. Tuliketi kwenye mchanga wenye baridi, mgongo kwenye jiwe lenye joto, nikaandika jedwali la saba kwa chaki juu ya mwamba. Kunguru walitembea kati yetu. Watoto walijibu kwa sauti mpaka mlio unarudi kutoka mawe ya mbele, wakawa wanabishana na mlio wao wenyewe. Hakuna aliyelala. Nimefundisha kwenye vyumba vizuri tangu wakati huo, vyenye feni darini, na sijapata tena kipindi cha hisabati kama kile.

Lakini msichana wa dawati la tatu alikuwa bado anakohoa. Jumanne nilimhamishia dirisha la wazi. Jumatano alikohoa asubuhi yote, na mimi nikawa nahesabu moyoni huku nikijifanya nasahihisha madaftari. Nilimwambia akitaka kutoka atoke tu, asiombe. Alinitazama kama ninamtega. Alhamisi alikohoa mara chache. Usiku nilimwomba Mungu kwa lugha ya nyumbani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mitihani ya chuo.

Ijumaa bibi alifika kabla ya uji. Hakuingia.

"Leo nasimama hapa hapa," akasema mlangoni. "Nikikaa utaniona nakoroma tena."

Watoto wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akasubiri. Nikamwita mjukuu wake asimame asome. Alishika kile kitabu kwa mikono miwili, akasoma maneno matatu. Nikajikaza kusubiri akate. Hakukata. Alimaliza mstari, akamaliza wa pili, akaingia aya iliyofuata. Na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kunong'ona. Ilikuwa nene, imeshiba, kubwa kuliko mwili wake, inafika ukuta wa nyuma. Wenzake waligeuka kumtazama. Mvulana mmoja akauliza kwa mshangao, "Kumbe anaongea hivi?"

Machozi yalinitoka, nikageukia ubao nikijifanya nafuta. Bibi akanisogelea.

"Vipi mwalimu, mbona unalia? Hakohoi huyo."

"Sikujua ana sauti, bibi."

Alinikazia macho.

"Tangu mwezi wa kwanza hukuwahi kumsikia?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nimemwandikia ripoti mtoto ambaye sauti yake siijui.

Bibi alisimama pale akasikiliza mpaka ukurasa ukaisha, na mtoto, bila kuambiwa na mtu, akafunua wa pili akaendelea. Hapo bibi alijifunga vizuri kitenge chake kiunoni, akatoka, akakata kiwanja cha shule kwenda nyumbani peke yake.